SI REDIO ILIYOSEMA UWONGO

Na Katibu wa Chama cha Redio, Kidato cha Tano



Muhula huu limezuka shauri kubwa katika Chama cha Redio cha shule yetu, nalo limetugawa pande mbili. Ile redio kubwa ya vali iliyo katika chumba cha Fizikia, je, itupwe au isitupwe? Wenzetu walio wengi wasema itupwe. Wasema imezeeka, ni nzito, yachukua muda mrefu kupata moto, na zaidi ya yote ni mwongo: mshale wake waonyesha namba isiyo ya kweli. Wataka fedha zote zilizochangwa na wazazi zinunue redio mpya yenye namba za kuwaka. Sisi wachache twasema redio hii bado yafaa, na kwamba kabla ya kuihukumu yapasa kwanza kuipima sawasawa.

Shauri hili litakatwa katika mkutano wa mwisho wa muhula. Kwa kuwa mkutanoni kila mtu hupewa dakika tatu tu, nimemwomba Mhariri anipe nafasi hapa ili niseme kwa kirefu. Nami sina budi kuanza kwa kuungama, maana uwongo unaosingiziwa redio ile kwa sehemu kubwa ni uwongo wangu mimi.

Muhula uliopita tuliazima jenereta ya mawimbi kwa fundi mmoja wa redio mjini. Nisemapo jenereta sisemi ile ya kuwasha taa umeme ukikatika. Hii ni sanduku dogo litoalo wimbi hafifu la redio, la masafa utakayo wewe. Ukiiweka katika Megahezi 7 yatoa wimbi la Megahezi 7. Nawe waizungusha redio yako mpaka ulisikie wimbi lile, kisha watazama mshale umesimama wapi. Ukisimama penye 7, vema. Ukisimama mahali pengine, tofauti hiyo ndiyo kosa la kibao, nawe waiandika. Ni kazi ile ile aifanyayo mtu wa Wakala wa Vipimo aendapo sokoni na jiwe la kilo moja lijulikanalo, akaliweka juu ya mizani ya mwenye duka.

Nilipewa kazi ya kuipima bendi ya Megahezi 4 hadi 10 mahali saba: penye 4, 5, 6, 7, 8, 9 na 10. Nikapima penye 4, kosa likawa Kilohezi 3. Nikaruka nikapima penye 10, kosa likawa Kilohezi 4. Mara kengele ya chakula ikalia. Nikajiambia, “Ikiwa mwanzo ni sawa na mwisho ni sawa, katikati kutakosaje kuwa sawa?” Basi nikajaza mahali patano palipobaki kwa kukisia: 3, 3, 4, 4, 4. Nikachora mstari ulionyooka kama rula, ukabandikwa ukutani, na kila aliyeupita aliusifu. Hakuna aliyeniuliza kama nilipima kweli, nami sikusema.

Wiki chache baadaye, usiku, tulimsikia mpenda redio mmoja wa Afrika Kusini akizungumza na mwenziwe. Tulifurahi mno. Mshale ulionyesha Megahezi 7.235. Tukatoa Kilohezi 4 kwa kufuata jedwali langu, tukaandika 7.231, tukampelekea taarifa ya usikivu pamoja na ombi la kadi ya uthibitisho, kama ilivyo desturi. Jibu lake lilikuwa la adabu sana. Alisema siku ni sawa, saa ni sawa na maneno tuliyoyanukuu ni yake, illa yeye hajapata hata siku moja kusema katika masafa yale, kwa sababu si ruhusa. Alikuwa katika 7.165. Katika sehemu yetu ya dunia, ambayo ni pamoja na Afrika yote na Ulaya, wapenda redio wenye leseni wamepewa Megahezi 7.000 mpaka 7.200 katika bendi hiyo. Juu ya hapo ni mahali pa stesheni za utangazaji. Kwa maneno mengine, tulimwandikia muungwana mmoja barua ya kumsifu, na ndani yake tukamshitaki kuwa mvunja sheria.

Chama kiliposomewa barua ile, wenzangu walipiga kelele, “Redio hii ni mwongo!” Nami nilinyamaza kimya. Kunyamaza kule kulikuwa uwongo wangu wa pili.

Baadaye nilimwendea mwalimu wetu wa Fizikia nikamweleza yote. Hakunikaripia. Aliniambia tukutane Jumamosi asubuhi tupime upya, mahali pote saba. Jumamosi ile nilijifunza mambo ambayo nataka kila mwanachama ayajue kabla hajainua mkono wake kupiga kura.

La kwanza ni subira. Redio ya vali ikiwashwa sasa hivi, sehemu zake hupata joto na kutanuka kidogo, na masafa yake huhama. Tuliiacha iwake nusu saa nzima kabla ya kuandika namba yo yote. Hali kadhalika jenereta.

La pili ni usalama. Ndani ya redio ya vali mna umeme wa volti mia mbili na zaidi, na kapasita zake zaweza kubaki na umeme hata baada ya kuzimwa. Kulinganisha kibao na jenereta hakuhitaji kufungua kifuniko. Hufanywa penye tundu la antena tu. Kurekebisha kwa bisibisi ni kazi nyingine, nayo haifanywi na mwanafunzi aliye peke yake.

La tatu ni mtego uliokaribia kuninasa. Ndani ya redio kama hii mna kitoa-mawimbi chake chenyewe, ambacho hukaa juu ya masafa ya stesheni kwa Kilohezi 455 daima. Kwa hiyo wimbi moja la jenereta laweza kusikika mahali pawili. Nikiweka jenereta katika Megahezi 9, nitaisikia mshale ukikaribia 9, na tena nitaisikia chini yake kwa Kilohezi 910, kama penye 8.090. Ile ya pili ni kivuli tu, nayo mara nyingi ni hafifu zaidi. Asiyejua hili aweza kushika kivuli akadhani ameshika mtu. Dawa yake ni kutafuta pande zote mbili, na kwa redio ya namna hii kuchukua ile iliyo juu.

La nne ndilo kubwa. Nilipokwisha kuweka jenereta penye 7, mwalimu aliniuliza, “Nani aliyekwambia jenereta yenyewe yasema kweli?” Sikuwa na jibu. Jenereta za kuzungusha kwa mkono, hasa zile za zamani au za bei ndogo, zaweza kukosea kwa asilimia moja, au zaidi. Asilimia moja yasikika kuwa kitu kidogo, walakini hebu tufanye hesabu. Asilimia moja ya Megahezi 7 ni Kilohezi 70, na bendi nzima ya wapenda redio pale ina Kilohezi 200 tu. Penye Megahezi 14 asilimia moja ni Kilohezi 140, na bendi yao ni Kilohezi 350. Chombo kinachokosea kiasi hicho hakiwezi kuwa hakimu wa redio.

Basi mwalimu alitoa sandukuni kipande kidogo cha kwatsi, yaani jiwe lililokatwa kwa vipimo maalum ili litetemeke mara 100,000 kwa sekunde, wala si zaidi wala si pungufu illa kwa kiasi kidogo sana. Kikiunganishwa katika sakiti yake, kipande hicho hutoa wimbi la Kilohezi 100, na pamoja nalo mawimbi mengine penye kila Kilohezi 100: 200, 300, mpaka kufika Megahezi nyingi juu. Hata kikikosea sehemu 20 katika milioni, kosa lake penye Megahezi 7 ni Hezi 140 tu. Ukilinganisha na Hezi 70,000 za jenereta, utaona tofauti iliyopo kati ya shahidi na mpita njia.

Namna ya kulinganisha ni nzuri mno, nami natamani kila mwanafunzi aisikie kwa masikio yake. Mpiga gitaa akazapo nyuzi mbili ziwe sauti moja, husikia mtetemo kati yake. Kadiri zinavyokaribiana mtetemo hupungua mwendo, na zikilingana hutoweka. Mawimbi ya redio ni vivyo hivyo. Kwatsi likiwa penye Hezi 7,000,000 na jenereta penye 7,000,400, redio hutoa mluzi wa Hezi 400. Ukiisogeza jenereta polepole mluzi hushuka, hushuka, ukawa mngurumo, kisha kimya. Penye kimya kile mawimbi mawili yamelingana. Kwa njia hiyo tuliihakiki jenereta penye kila mahali, kisha jenereta ikaihakiki redio.

Na kwatsi lenyewe lahakikiwa na nani? Kwa stesheni zitangazazo masafa sanifu. Iliyo maarufu zaidi ni WWV ya Fort Collins, Colorado, Marekani, itumayo mawimbi penye Megahezi 2.5, 5, 10, 15 na 20. Hali ya anga ikiwa njema husikika hata bara hili. Masafa yake hutokana na saa za atomu. Tangu mwaka 1967 sekunde yenyewe yapimwa kwa mitetemo 9,192,631,770 ya wimbi litokalo katika atomu ya sesiamu. Kwa hiyo kutoka mshale wa redio yetu mpaka atomu pana mnyororo: redio, jenereta, kwatsi, stesheni ya masafa sanifu, saa ya atomu. Pete moja ikikatika, namba zote zilizo chini yake zabaki kuwa maneno matupu. Muhula uliopita pete iliyokatika ilikuwa mimi.

Matokeo ya Jumamosi ile ni haya. Makosa ya kibao penye Megahezi 4, 5, 6, 7, 8, 9 na 10 yalikuwa Kilohezi 3, 36, 58, 70, 60, 34 na 4. Mstari wangu ulionyooka haukuwako. Mahali pake palikuwa na nundu, kama ya ng'ombe wetu. Ncha mbili zilikuwa sawa kwa sababu mafundi huzirekebisha hizo: upande wa chini kwa koili, upande wa juu kwa kapasita ndogo ya kuzungusha. Katikati hakuna cha kuzungusha. Hufuata sehemu zilizomo ndani, na kapasita moja ikibadilika thamani kwa uzee, katikati hupinda hali ncha zimetulia. Anayepima ncha peke yake hataliona kosa hili kamwe.

Sasa tazameni ile 7.235 yetu. Toeni Kilohezi 70. Yabaki 7.165, ndiyo hasa namba aliyotuandikia yule bwana. Redio ilituambia kweli kwa namna yake yenyewe, nasi hatukuwa na kamusi ya kuifasiri. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Yafuatayo ndiyo maoni yangu.

Watu wengi hudhani chombo kizuri ni kile kisichokosea. Chombo cha namna hiyo hakipo duniani. Chombo kizuri ni kile ambacho kosa lake lajulikana na halibadilikibadiliki. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani lilikuwa na kipima-masafa kiitwacho BC-221. Uso wake haukuandikwa Megahezi hata kidogo. Ulikuwa na namba za mzunguko tu. Kila kimoja kilifungwa pamoja na kitabu chake, kilichotengenezwa kwa kukipima chombo kile kile peke yake, nacho kilikuwa na kwatsi la Megahezi 1 ndani la kujihakiki. Kitabu cha chombo kimoja hakifai kwa kingine, na chombo kisicho na kitabu chake thamani yake ni ndogo. Wapenda redio walivitumia miaka mingi baada ya vita. Redio yetu yataka kitabu cha namna hiyo, nacho sasa kimeanza kuandikwa.

Najua watakaonijibu. Wa kwanza watasema, “Redio mpya zaonyesha namba sita au saba zinazowaka, haya yote ya nini?” Nawajibu kwamba namba zile huhesabiwa kwa kufuata kwatsi lililo ndani ya redio, nalo laweza kuwa la bei rahisi. Vile vipokezi vidogo vya kuchomeka katika kompyuta, ambavyo wengi wetu twavitamani, baadhi yake hukosea sehemu 50 katika milioni au zaidi. Penye Megahezi 145.800, ambapo wanaanga wa Kituo cha Kimataifa cha Anga huzungumza na wanafunzi wa shule mbalimbali, kosa hilo ni kama Kilohezi 7. Atakayeamini namba zinazowaka atakaa kimya akingoja, na sauti ikimpita kando. Mwangaza wa namba hauthibitishi ukweli wake. Redio mpya nayo itahitaji kupimwa, na asiyejua kuipima ya zamani hataijua mpya.

Wa pili ni wazazi, nao wana haki ya kuuliza, “Mwanangu atapata nini katika mtihani?” Baba zetu na mama zetu, naomba niwaambie kwa heshima jambo ambalo sisi wanafunzi twalijua sana. Katika mazoezi ya maabara wengi wetu huanza na jibu la kitabuni, kisha hutafuta vipimo vya kulifikia. Pendulamu ikikataa kutoa 9.8 huandikwa 9.8 vivyo hivyo. Nilipojaza zile namba tano nilikuwa nafanya niliyoyazoea. Katika daftari hakuna aumiaye. Lakini mwenye tabia hiyo kesho atakuwa mganga anayesoma kipimo cha shinikizo la damu, au fundi wa mita, au mpimaji wa mashamba, na namba zake zitakuwa juu ya maisha na mali ya watu. Naona ni heri mtoto wenu akose maksi mbili kwa namba mbaya aliyoipima kuliko apate zote kwa namba nzuri aliyoitunga.

Wa tatu watasema kazi hii yachosha na yala muda. Ni kweli. Ilituchukua saa nne, na mgongo uliniuma. Walakini katika saa nne zile wanafunzi sita walijifunza juu ya mawimbi zaidi ya walivyojifunza muhula mzima. Redio mpya ingewafunza kubonyeza.

Sisemi redio ya zamani ikae milele. Iwapo tutaipima kila muhula na jedwali likabadilika kila mara, hapo kweli haifai, nami nitakuwa wa kwanza kuibeba kwenda stoo. Ninachokataa ni kuihukumu kwa ushahidi wa uwongo.

Kwa hiyo naleta mbele ya Chama mapendekezo manne. Kwanza, redio ibaki mwaka mmoja. Pili, sehemu ya fedha za wazazi inunue jenereta ya mawimbi iliyo yetu na kwatsi lake, ili tusiazime tena. Na zitakazobaki ziwekwe akiba ya redio mpya. Tatu, jedwali la makosa libandikwe kando ya redio, likiwa na tarehe, muda redio iliowaka kabla ya kupimwa, na majina ya watu wawili: aliyepima na aliyeshuhudia. Nne, mahali pasipopimwa pawekwe mstari mtupu, asithubutu mtu kupajaza. Nafasi tupu yamwambia msomaji, “Hapa bado,” naye atajihadhari. Namba ya kubuni humpeleka shimoni akiwa ametulia.

Yule bwana wa Afrika Kusini tumekwisha kumwandikia tena, tukamwomba radhi, tukampelekea na nakala ya jedwali jipya. Jedwali langu la zamani nimeomba lisichanwe. Limebandikwa pale pale ukutani, chini ya jipya, na jina langu lasomeka vizuri. Mwanachama atakayeona haya kuandika “sikupima” na alitazame kwanza, kisha achukue kalamu.